Chai ya kijani si mmea mwingine

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya afya ya wiki iliyopita ilitueleza kuwa chai ya kijani hutokana na mmea wa Kijapani, na kwamba ni dawa ya kupunguza tumbo. Mama yangu amechuma majani chai Kericho zaidi ya nusu ya maisha yake. Nilipomsomea alicheka mpaka akakohoa.

Kichaka ni kimoja. Majani mawili na chipukizi yakisagwa yakaachwa yapigwe na hewa, huwa mekundu kisha meusi, tukapata chai ya rangi. Yakiwahiwa na moto, rangi yake inabaki. Wachina huyakaanga kwenye karai, Wajapani huyapitisha kwenye mvuke.

Msione haya sana, kwani hata Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, aliteleza hapo: mwaka 1762 aliorodhesha mimea miwili, wa chai ya kijani na wa chai nyeusi. Mskochi Robert Fortune, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyeingia China miaka ya 1840 akakuta ni mmea ule ule. Alikuta pia chai ya kijani ya kuuzwa ng'ambo ikitiwa rangi ya buluu na jasi ili imvutie mnunuzi. Wachina wenyewe hawakuigusa hiyo!

Japani iliipata chai kwa watawa waliotoka China, tangu karne ya 9. Mtawa Eisai alirudi na mbegu mwaka 1191, baadaye akaandika kitabu cha kuisifu kuwa dawa. Kumbe hata hayo ya dawa si mageni.

Lililonikera zaidi ni kuisahau Morocco, mnunuzi mkubwa wa chai ya kijani ya China, tena Mwafrika mwenzetu. Huko hakuna anayeinywa ili apunguze tumbo. Hutiwa nanaa na sukari ya kumtisha daktari wenu, ikamiminwa birika likiwa juu mpaka bilauri ifanye povu. Ilienea hasa wakati wa Vita vya Crimea (1853–1856), wafanyabiashara wa Uingereza walipokosa soko la kaskazini mwa Ulaya wakashusha shehena kwenye bandari za Morocco, Tangier na Mogador (Essaouira ya leo). Leo ukifika Mauritania, Mali au Senegal, utamiminiwa mara tatu kutoka majani yale yale, na kuondoka kabla ya bilauri ya tatu ni utovu wa adabu.

Naomba mchapishe masahihisho. Mama nilimpikia ya kijani Jumapili. Akaonja, akaniuliza maziwa yako wapi.

Msomaji wenu,
Kericho