Kuhusu ndago zako

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Barua yako imenifikia, na nilipofika pale unaposema kwamba bustani uliyoilima mara tatu msimu huu imezidi kuota ndago, gugu lile sugu, nilijikumbuka mwenyewe. Mimi nami niliwahi kuzikatakata kwa jembe kwa hasira, na haukupita muda kabla matuta hayajageuka zulia la kijani.

Fukua shina moja taratibu kwa mkono, usilivute. Utakuta kinundu cheusi, kisha kimzizi chembamba na kigumu kama uzi wa kushonea viatu, kinachokwenda hadi kinundu kingine na kingine tena, mithili ya tasbihi. Vikiwa vimeungana hivyo, vingi hubaki vimesinzia. Jembe likiukata uzi, vilivyotenganishwa huamka na kuchipua. Kumbe siku zote hizo tulikuwa tunapanda!

Kwa hiyo liweke jembe hilo kando, uchukue jembe la uma wakati udongo ungali na unyevu, uinue bonge zima, ulipukute, kisha uokote vinundu na kuvitia kwenye ndoo. Usivitupe kwenye mboji. Vianike juani mahali pagumu mpaka vikauke kabisa. Baada ya hapo panda kunde au viazi vitamu kwa kubananisha, kwa maana ndago haistahimili kivuli. Plastiki nyeusi ya kufunikia udongo uliyoitaja usihangaike nayo, kwani ncha za ndago huitoboa kama sindano. Glaifoseti, dawa ya kuulia magugu, huingia kupitia majani, hivyo kuipulizia mara tu baada ya kufyeka ni kuimwaga bure, tena haichagui: ikigusa mchicha wako, nao utakufa.

Magugu mengine ya bustanini humo, yale yanayoota kwa mbegu, hayanitishi sana mradi uyapalilie yakiwa machanga na uyawahi kabla hayajatoa maua. Ukichelewa, mbegu zake zina subira ya ajabu: mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William Beal alifukia chupa 20 za mbegu huko Michigan, Marekani, na katika chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 zilikuwamo zilizoota zilipopandwa.

Anza na tuta moja tu, kisha uniandikie ndoo imejaa mara ngapi.

Wako akupendaye,
Mpaliliaji mwenzako