Kupaka vijisanamu haraka si kulipua kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba anayepaka rangi vijisanamu vya michezo ya vita inayochezwa mezani kwa haraka analipua kazi, na afadhali aviache bila rangi. Kauli hiyo imenikera kwa sababu najua inawafanya nini wanaoanza. Mtu anapata jeshi lake la kwanza, tuseme askari arobaini wa mifupa, kila mmoja na mbavu zake, ngao, upanga wenye kutu na joho lililochanika. Anaambiwa kila ubavu upakwe rangi tatu zilizopandana. Anamaliza wawili, mkono unachoka, na thelathini na wanane waliosalia wanabaki plastiki ya kijivu ndani ya boksi mwaka hadi mwaka.

Kijisanamu cha kimo cha milimita 28 hivi kimetengenezwa kisimame mezani, na mchezaji anakitazama kutoka umbali wa mkono ulionyooshwa au zaidi. Ukiwa hapo unaona uso, silaha, ngao na kitako alichosimamia. Bizimu ya mkanda huioni. Anayepaka haraka kwa akili huanza kwa kuamua jicho litatua wapi, kisha muda wake anaupeleka huko.

Kazi kubwa, kwa maoni yangu, inafanyika kabla ya kufungua kichupa chochote cha rangi. Mishono iliyoachwa na kalibu iparuliwe kwa mgongo wa kisu; ukiiacha, rangi ya baadaye itaionyesha vizuri zaidi kuliko plastiki tupu. Kama kijisanamu ni cha resini, yaani utomvu wa viwandani uliogandishwa kwenye kalibu, kioshwe kwa maji ya sabuni ili kutoa mafuta ya kalibu. Kisha praima, yaani rangi ya msingi, nyeusi ya kupuliza, nje penye hewa, kopo likiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, na isiwe siku yenye unyevu mwingi kwa sababu praima huweza kukauka ikiwa na chengachenga kama vumbi. Nyeusi ikishakauka, chukua brashi pana, chovya rangi ya kijivu, ifute kwenye kitambaa hadi ibaki karibu kavu, halafu iparuze juu ya kijisanamu. Rangi inashika palipoinuka tu. Rudia kwa nyeupe, safari hii kutoka juu peke yake, mahali ambapo jua la saa sita lingepiga. Ukifika hapo, mwanga na kivuli vimeshapatikana kwa jeshi zima na hujachora mstari hata mmoja.

Juu ya hapo zinakuja rangi nyepesi zinazopitisha mwanga. Kampuni ya vijisanamu ya Games Workshop ilitoa zake, Contrast, mwaka 2019, na kampuni ya rangi ya The Army Painter ikafuata na Speedpaint mwaka 2022. Rangi hizi huteleza kutoka palipoinuka na kutuama kwenye mikunjo na mifereji, kwa hiyo mpako mmoja unatoa rangi yenyewe, kivuli chake na mng'ao wake. Kwenye mifupa, manyoya na mikunjo ya joho sijaona kitu kinachozishinda. Lakini zina masharti. Zikituama kupita kiasi, zinyonye kwa brashi safi yenye unyevu kabla hazijaanza kukauka. Zikishaanza kukauka usiziguse tena, utaacha doa. Na kwenye sehemu pana iliyo bapa, kama ngao kubwa au ubavu wa gari la vita, hukauka kwa mabakamabaka. Hapo mimi hutumia rangi ya kawaida iliyopunguzwa kwa maji, mipako miwili. Panga za askari nazipaka rangi ya fedha, kisha nazipitishia rangi ya kahawia iliyokolea na nyepesi kama maji, nao ni kutu tosha.

Msomaji huyo alidai kwamba njia za mkato ni mambo ya vijana wa leo. Si kweli. Muda mrefu kabla ya rangi hizi, wachezaji walikuwa wakipaka rangi chache bapa, kisha wanachovya kijisanamu kizima ndani ya vanishi ya mbao ya kahawia na kukikung'uta. Majeshi mengi yaliingia vitani kwa njia hiyo.

Tena, askari wapakwe kwa mafungu. Mimi huwapanga kumi kumi: mifupa ya wote, kisha majoho ya wote, kisha mbao za mikuki. Ukimfikia wa kumi, wa kwanza yu karibu kukauka. Zaidi ya kumi, kazi inachosha na mkono unaanza kukosea. Vitako visisahaulike: gundi, mchanga, rangi ya kahawia, mparuzo wa rangi ya mchanga mkavu, na ukingo mweusi uliopakwa kwa usafi. Nimeona askari wa kawaida sana wakionekana jeshi moja lenye heshima kwa sababu tu vitako vyao vilifanana na vilikuwa safi. Mwisho vanishi isiyong'aa, maana vitashikwashikwa na vidole.

Kiongozi wa jeshi na joka lake ni habari nyingine. Hapo nakaa, napandisha rangi kwa rangi, macho nachora, magamba ya joka nayapitia moja moja. Muda huo nimeupata kwa askari wa kawaida, na katika hili nadhani mimi na msomaji mwenzangu hatuna ugomvi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kuhusu picha. Mnapochapisha habari za mchezo huu, huwa mnaweka kijisanamu kimoja kilichokuzwa hadi kila alama ya brashi inaonekana, na anayeanza anajipima kwa picha hiyo. Wekeni pia picha ya meza nzima, iliyopigwa kutoka pale anaposimama mchezaji, majeshi mawili yakiwa yametazamana.

Ni mimi msomaji wako,
Mchezaji wa jeshi la mifupa