Barua kwa mwanangu kwotabeki, baada ya wenzake kuhama

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Huku nyumbani sote wazima. Mama yako anakusalimu, na anasema umekonda; amekuona kwenye skrini ulipovua helmeti.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu utaniambia "niko poa, baba", tutaulizana baridi imeshaanza au bado, kisha tutaagana. Na wewe hauko poa. Nimekutazama tangu msimu wenu wa futiboli ya Kimarekani uanze, wewe ukiwa kwotabeki, mtupa pasi wa timu ya chuo. Mkono wako ni uleule, na pasi ndefu unazitupa kama mwaka jana. Kilichobadilika ni kwamba unamtupia mpira mtu ambaye hayupo tena.

Yule mpokeaji wako mrefu, pamoja na yule pande la mtu aliyekuwa akikukinga ubavu wa kushoto, wameondoka katika dirisha moja la uhamisho. Siwalaumu. Tangu 2021 mchezaji wa vyuo vya daraja la kwanza anaweza kuhama bila kulazimika kukaa nje msimu mzima, na kijana akiitwa na chuo kikubwa, ataacha kwenda? Makocha wenu nao wameshasajili wengine wawili na kusema pengo limezibwa. Kwenye karatasi, ndiyo. Uwanjani, pengo la namna hii halizibwi na jina jipya, na ninataka ujue kwamba unachokihisi kina sababu zinazoeleweka. Usijidhanie mnyonge.

Fikiri kazi yenyewe ilivyo. Mara nyingi una chini ya sekunde tatu mpira uwe umeshatoka mkononi. Mpokeaji anakimbia, anamsoma mlinzi aliye mbele yake, na kutokana na alichokisoma anaamua akate ndani, asimame, au aendelee moja kwa moja. Wewe nawe unamsoma mlinzi huyohuyo kwa wakati huohuo, na unatupa kabla mwenzako hajageuka. Mpira unakwenda mahali patupu kwa imani kwamba yeye atafika. Wapiga dufu wa kwetu Tanga waliokaa zawiani pamoja tangu utotoni hubadilisha mapigo bila kutazamana. Ukimtoa mmoja na kumweka fundi mwingine, hata awe bora kuliko wa kwanza, itachukua muda mkono wa huyu kuujua mkono wa yule. Na upande wa kushoto ni vivyo hivyo. Unatupa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo mgongo wako unaangalia huko. Ukimwamini anayekukinga, macho yako yanabaki mbali, kwa wapokeaji. Ukiwa na shaka naye, macho yanashuka kwa wanaokuja kukuangusha na miguu inaanza kucheza kabla ya wakati. Jumamosi iliyopita nimeiona miguu yako ikicheza hata pale ambapo hakukuwa na mtu karibu.

Unajua nilivyofika Massachusetts sikuwa najua chochote kuhusu mchezo huu. Niliujifunza kwa wenzangu kazini, na timu yao ilikuwa Patriots, kwa hiyo kwotabeki wao, Tom Brady, ndiye niliyemsoma kuliko wengine wote. Watu wa rika lako wanamjua kwa vikombe vyake. Mimi nataka nikueleze kuhusu Septemba 2003.

Lawyer Milloy alikuwa mlinzi wa nyuma kabisa, nahodha, mtu aliyekuwa Patriots tangu 1996 na aliyeshinda Super Bowl, fainali ya ligi, pamoja na Brady Februari 2002. Ligi ile ya kulipwa, NFL, ina kikomo cha mishahara, na klabu ilitaka apunguze malipo yake. Akakataa. Siku chache tu kabla ya mechi ya ufunguzi, akatemwa. Chumba cha kubadilishia nguo kilipigwa na butwaa, kwa sababu kama Milloy anaweza kutemwa, nani yuko salama? Naye hakwenda mbali: alisajiliwa na Buffalo Bills, na mechi ya ufunguzi ya Patriots ilikuwa huko huko Buffalo. Patriots walinyukwa 31-0. Pasi 4 za Brady zilinaswa na wapinzani, na Milloy mwenyewe alimwangusha Brady akiwa bado na mpira. Angalia hapo: Milloy hakuwa mpokeaji wala hakuwa anamkinga Brady. Walicheza pande mbili tofauti za timu, mmoja ulinzi na mwingine mashambulizi, hawakuwahi kuwa uwanjani pamoja kwenye mchezo wa kawaida. Hakuna hesabu ya ufundi inayoweza kueleza kwa nini kuondoka kwake kuuharibu mkono wa kwotabeki. Lakini aliyemwona Brady siku ile aliona mtu mwenye mawazo mengine kichwani. Baadaye mchambuzi mmoja wa televisheni akasema hadharani kwamba wachezaji wale wanamchukia kocha wao.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda. Timu ilikwenda ushindi 2 na vipigo 2, halafu haikupoteza tena msimu mzima. Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida iliwarudisha Bills, safari hii nyumbani, na matokeo yalikuwa 31-0 kwa upande wa Patriots. Februari 1, 2004 waliifunga Carolina 32-29 kwenye Super Bowl, na Brady akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Huzuni ya kumpoteza Milloy haikutibiwa kwa Milloy kurudi. Nyuma alikuwapo Rodney Harrison, aliyetoka San Diego mwaka huohuo, mgeni mwenye sauti na mwili uliotisha watu, na taratibu timu ikampa nafasi ya kuwa mtu wao.

Sitaki udhani nakuambia mambo hujinyoosha yenyewe. Mwaka 2006 aliondoka Deion Branch, na hilo lilikuwa jeraha la aina nyingine, kwa sababu Branch alikuwa mpokeaji na rafiki. Kwenye Super Bowl ya Februari 2005 alidaka pasi 11 na kuwa mchezaji bora. Akagomea mkataba, na Septemba 2006 akauzwa Seattle msimu ukiwa umeshaanza. Brady alizunguka wiki zile za mwanzo akiwa amenuna, kila mtu akimwona. Timu ilishinda mechi nyingi, si kwamba iliporomoka, lakini ilipofika nusu fainali dhidi ya Indianapolis, Januari 2007, ikiongoza 21-3, mbele hakukuwa na mtu ambaye Brady angemtupia akiwa amefumba macho. Reche Caldwell, aliyekuwa akijitahidi kuliziba pengo lile, alidondosha pasi akiwa amesimama peke yake, hakuna mlinzi karibu. Wakafungwa 38-34.

Branch alirudi Patriots Oktoba 2010, siku chache baada ya mpokeaji mwingine, Randy Moss, kuuzwa. Miaka minne ilikuwa imepita. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Baltimore, alidaka pasi 9 kwa yadi 98 na tachidauni moja, yaani bao la kufika na mpira mwisho wa uwanja. Hawakuwa na muda wa mazoezi ya maana. Yale maelewano yalikuwa bado yamo mwilini kwao wote wawili. Kwa hiyo usifikiri ulichojenga na rafiki yako kimepotea. Kipo, hata kama hakikusaidii Jumamosi hii.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mama yako ameniambia unafikiria kumfuata rafiki yako, yule mpokeaji aliyehama, msimu ukiisha. Umri wako ni wa mtu mzima na uamuzi ni wako, sitakukataza. Ila nikuombe uangalie yaliyowapata Davante Adams na watu wake kabla hujajaza fomu yoyote.

Adams alikuwa mpokeaji wa kwotabeki Aaron Rodgers kule Green Bay. Mwaka 2021 peke yake alidaka pasi 123 kwa yadi 1,553, na Rodgers alichukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi 2020 na 2021 mfululizo. Machi 2022 Adams akahamia Raiders, na moja ya sababu zake ilikuwa kwamba kwotabeki wa Raiders, Derek Carr, alikuwa rafiki yake waliyecheza pamoja Chuo Kikuu cha Fresno State. Alikuwa anamfuata mtu wake, kama wewe unavyotaka. Raiders wakamaliza na ushindi 6 na vipigo 11. Carr akawekwa benchi kabla msimu haujaisha, na Februari 2023 akaachwa kabisa. Msimu mmoja tu, na mtu aliyefuatwa hayupo.

Huko Green Bay, Rodgers alibaki na vijana wapya. Mchezo wa kwanza kabisa wa mashambulizi yao msimu wa 2022, dhidi ya Minnesota, alimtupia Christian Watson, mgeni aliyekuwa anacheza mechi yake ya kwanza ya ligi. Watson alikuwa amemwacha mlinzi nyuma, njia nyeupe hadi mwisho wa uwanja, mpira ukampita mikononi. Uso wa Rodgers wakati ule ndio uso niliouona kwako Jumamosi. Mwaka ule pasi zake 12 zilinaswa, nyingi kuliko mwaka wowote tangu 2008, na timu ikamaliza na ushindi 8 na vipigo 9. Hatimaye Oktoba 2024 Rodgers na Adams walikutana tena New York, kwenye Jets, baada ya watu kuombea hivyo kwa muda mrefu. Jets walimaliza na ushindi 5 na vipigo 12. Kukutana tena kuliwafurahisha wenyewe, lakini timu ni watu wengi kuliko wawili.

Na mwaka uleule wa 2022, mwezi uleule wa Machi, Kansas City walimuuza mpokeaji wao Tyreek Hill kwa Miami. Watu wakasema kwotabeki wao, Patrick Mahomes, atapungua nusu. Mahomes akaanza kugawa mipira kwa kila aliyekuwa wazi, huku mdakaji wake wa siku zote, Travis Kelce, akibaki kuwa nguzo yake, akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi, na Februari 2023 wakaifunga Philadelphia 38-35. Mimi naamini tofauti kubwa ni hiyo ya Kelce: alibakiwa na mtu mmoja aliyemwamini kabisa, na kutoka kwa huyo akaweza kuwavumilia wengine. Kwa hiyo jiulize nani wako amebaki. Yule anayekurudishia mpira katikati, uliyeingia naye chuo mwaka mmoja, bado yupo. Umekula naye lini?

Nikurudishe Jumamosi, robo ya tatu. Mpokeaji mpya alisimama kwenye yadi kumi na kukata ndani. Wewe ulitupa nje, kwenye mstari, pale ambapo rafiki yako angekuwa. Mlinzi akaudaka. Ulifungua mikono miwili ukatazama benchi. Nilirudisha video nikaitazama tena, na safari ya pili sikukutazama wewe, nilimtazama yule kijana. Aliiona mikono yako. Tangu hapo hadi mwisho wa mechi kila alipokimbia alikuwa akigeuka mapema kuutafuta mpira, kwa hofu, na anayegeuka mapema anapunguza mwendo. Kumbe kuondoka kwa mmoja kulikuvuruga wewe, na kuvurugika kwako kukamvuruga wa tatu ambaye hana kosa lolote. Halafu, mwishoni, ulipoangushwa, yule mkingaji mpya wa kushoto alikuja na kunyoosha mkono akuinue. Ulikuwa unatazama chini. Ukainuka mwenyewe ukaondoka, naye akabaki na mkono wake hewani.

Mwanangu, wakumbuke wenzako, uwapigie, uwaambie kwamba umewamisi. Hilo si aibu, na wao pia huenda wanakaa kwenye vyumba vya ugenini wakijiuliza kama umewakasirikia. Lakini huyu kijana wa kushoto ametoka jimbo la mbali, hana mtu hapo, na kazi yake kila Jumamosi ni kuweka mwili wake kati yako na watu wanaotaka kukuvunja. Mpe mkono. Mwite kwa jina lake mbele ya wenzake. Na yule mpokeaji, mchukue uwanjani baada ya mazoezi, nyinyi wawili tu, umtupie njia ileile ya yadi kumi hadi akueleze mwenyewe anaona nini kwa mlinzi anapoamua kusimama. Umsikilize. Huenda alikuwa amesoma sawa, na wewe ndiye uliyetupa kwa kumbukumbu.

Kuhusu kuhama, tulizungumze ana kwa ana. Mechi yenu ya nyumbani inayokuja tutafika, mimi na mama yako, mjomba wako ndiye atakayeendesha. Mama anapika pilau na anauliza apike kwa watu wangapi. Nimemwambia apike ya kuwatosha na hao wageni wawili, kwa hiyo waalike kabla hatujafika, na uniambie kama kuna asichokula mmoja wao.

Baba yako