Barua kutoka Manchester: vumbi la grinda

Mama mpendwa, na wewe mdogo wangu,

Natumai hamjambo nyote hapo Kayole. Mama, isome hadi mwisho ingawa sehemu kubwa ni ya kijana, maana nguo anazorudi nazo jioni zinakuhusu wewe na watoto.

Mdogo wangu, nimesikia umepewa kazi ya grinda kule mjengo wa Kilimani: kukata taili na kuchimba kuta ili fundi wa stima apitishe paipu. Kwanza diski. Ile ya inchi 9 huandikwa kasi yake ya mwisho, kwa kawaida mizunguko 6,600 kwa dakika, ilhali grinda ndogo ya inchi 4 na nusu huzunguka kama mara 11,000. Mtu aking'oa kava ili diski kubwa iingie kwenye mashine ndogo, diski hupasuka, na vipande humrudia usoni. Usikubali kushika grinda isiyo na kava, hata kwa dakika moja.

Linalonikosesha usingizi ni vumbi. Mchanga, zege na taili vina silika, yaani madini yaliyomo kwenye mawe, na ukivikata vikavu silika hiyo hugeuka chembe ndogo mno. Unywele una unene wa mikroni 50 au zaidi (mikroni elfu moja ni milimita moja). Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazifiki 10. Kwa hiyo hewa inaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu. Marekani kiwango cha juu cha silika kinachoruhusiwa hewani kazini ni mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo kwa zamu ya saa 8. Chembe hizo zikishaingia, pafu hujaa makovu, ugonjwa uitwao silikosisi, na makovu hayo hayana dawa. Maziwa mnayokunywa jioni ati yasafishe kifua huenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu hata tone.

Ukiletewa meza za jikoni za mawe ya kutengenezwa kiwandani, ogopa zaidi. Mengine yana silika zaidi ya asilimia 90, na Australia iliyapiga marufuku kuanzia 1 Julai 2024.

Dawa ya vumbi ni maji, ila hapa watu hujiua kwa njia nyingine. Grinda ya kawaida ya volti 240 haikuundwa kumwagiwa maji. Ukimwagilia huku umeikamata, stima inaweza kupita mwilini mwako. Maji ni ya mashine zilizotengenezwa kwa ajili yake: msumeno wa petroli wenye bomba, unaohitaji angalau nusu lita kwa dakika ikilenga diski, au meza ya kukatia taili yenye trei ya maji, nayo iunganishwe kwenye swichi ya kinga inayokata stima ikivuja kwa miliampea 30. Taili za kukatwa kwa mstari mnyoofu hazihitaji grinda kabisa. Kuna kile kikataji cha mkono kinachochora mstari kisha kuivunja taili palepale. Vumbi lake ni kidogo sana. Mwombe foromani anunue kimoja.

Kwa kuta, zima stima kwanza, lowesha ukuta, kisha tumia tindo na nyundo. Ni polepole, lakini tindo haisagi jiwe kuwa unga kama diski. Bora zaidi fundi wa stima alaze paipu zake ukuta ukijengwa. Usifagie sakafu ikiwa kavu. Nyunyiza maji kwanza. Na ukikata, upepo utoke mgongoni mwako, wenzako wasiwe mbele yako.

Barakoa ni kinga ya mwisho, na ile ya kitambaa au ya hospitali haizuii vumbi hili. Tafuta iliyoandikwa FFP3, ukikosa FFP2 au N95. Kamba zote mbili zipite nyuma ya kichwa, bana chuma cha puani, kisha funika barakoa kwa viganja upumue kwa nguvu. Ukihisi hewa ikipenya kando, rekebisha. Ndevu huacha mwanya, kwa hiyo nyoa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Asikukate mshahara kwa ajili ya vifaa hivyo.

Mama, nguo zake asizikung'ute nyumbani. Ziloweshwe kwanza kwenye beseni lake, mbali na za watoto.

Akianza kukohoa wiki mbili bila kupona, aende hospitali, na amwambie daktari waziwazi kwamba anakata mawe na taili. Silika humfanya mtu ashikwe na TB kwa urahisi, na TB na silikosisi hufanana kwenye picha ya eksirei. Asiposema kazi yake, daktari hatajua kuuliza.

Weka daftari, mdogo wangu: tarehe, mjengo, jina la mkandarasi, kazi uliyofanya. Sheria ya fidia ya 2007 inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi, na silikosisi huweza kujitokeza miaka kumi baada ya mjengo kukamilika na mkandarasi kuondoka.

Pesa za barakoa nimemtumia Mama. Zinunue kabla ya Jumatatu.

Ndugu yako mkubwa