Tableti inateleza jamani

Ndugu mhariri, salamu kutoka Ngamiani hapa Tanga. Mwanangu kaniletea tableti na kalamu yake, akanambia mama daftari la duka weka pembeni, madeni utaandika humu humu. Haya, nikajaribu. Wiki nzima mwandiko wangu umekuwa wa chekechea maana kioo kinateleza, karatasi inaishika ile ncha ya biki kidogo ndo mkono unajua usimame wapi.

Ila nisiwe mnafiki, kukosea kwenye tableti raha, unafuta bila kuchafua. Na wale watafiti wa Norwei waliotoa matokeo 2024, waliwapima ubongo wanafunzi 36 wakaona ukiandika kwa mkono sehemu za ubongo zinawasiliana zaidi kuliko ukibonyeza kibodi, na hao wanafunzi walitumia kalamu ya kidijitali kwenye skrini, wala sio karatasi! Kwahiyo kioo chenyewe hakina kosa.

Lakini ninalo daftari la marehemu babu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino umeshakuwa rangi ya chai, na unaona kabisa pale alipochovya kalamu, herufi inaanza nzito halafu inafifia mpaka achovye tena. Kwenye tableti kila mstari uko vilevile tu.

Juzi umeme ulikatika toka asubuhi, tableti ikaisha chaji, mteja kasimama mbele yangu anauliza anadaiwa ngapi nami namtolea macho. Daftari nimelirudisha mezani, mwanangu kanuna.

Mama muuza duka,
Ngamiani, Tanga