Barua kwa vijana wetu wa Lamu mnaoandika historia ya chuo

Wanangu, assalaam alaykum. Nimesikia mmeamua kuandika historia ya chuo chenu hapo Mombasa, nani aliruhusiwa kusoma na nani alizuiwa, kwa asili yake au kwa kuwa ni mwanamke. Nimefurahi wallahi.

Ila msiishie kwenye rejista. Chuo kilipoanza kupokea wanafunzi 1951 kikiitwa MIOME, yaani Mombasa Institute of Muslim Education, kilikuwa cha Waislamu wa Afrika Mashariki, mpaka 1966 ndio kikafunguliwa kwa kila mtu, hayo mtayapata kwenye makaratasi. Kazi iko pale penye asili ya mtu. Mkiona fulani kaandikwa Mwarabu msifunge faili, mkoloni aligawa shule, kodi na hata kura kwa rangi, Mwafrika akatozwa kodi ya kibanda na shule yake ikapewa kidogo kuliko zote, sasa wazee wetu wengi wa pwani wakapigania waandikwe Waarabu. Msishangae kukuta ndugu baba mmoja mama mmoja, huyu Mwarabu yule Mswahili.

Na hapa kwetu pia yapo. Habib Swaleh, yule shehe aliyeanzisha msikiti na chuo cha Riyadha hapa Lamu, alipowasomesha watumwa na wanyonge wa mtaa wa Langoni waungwana walimpinga, na utumwa wenyewe ulikuwa haujafutwa kisheria, hiyo ikaja 1907. Leo Riyadha ni fahari ya mji mzima, Maulidi watu wanamiminika, lakini gusia tu babu wa mtu alikuwa nani, kuna nyumba hadi leo zinanyamaza. Kwa hiyo mkikuta jina la familia kwenye mambo ya utumwa andikeni habari, jina lisitoke mpaka wenyewe waridhie. Hili nawasihi sana.

Upande wa wanawake, Makerere kule Uganda ilifunguliwa 1922, wanawake wa kwanza sita wakaingia 1945, na kabla ya hapo kaulimbiu ya chuo ilikuwa inawahimiza wanafunzi wawe wanaume! Kwenu je, binti wa kwanza aliingia lini, alisomea nini, alilala wapi? Na mkipewa picha ya zamani ya darasa msitazame waliokaa mbele tu, igeuzeni, huenda nyuma kuna majina kwa kalamu ya wino, halafu angalieni pembeni kabisa, pengine kuna mwanamke kakatwa nusu, kanga yaonekana na mkono umeshika sufuria, kwenye majina hayumo. Huyo ndiye aliyewapikia wote hao. Muulizieni mtaani, wajukuu wapo.

Kwa bibi zetu watumeni mabinti, wakae naye jikoni, simu isirekodi mpaka aseme sawa. Anzeni na hao kabla ya safari ya Nairobi kwenye nyaraka, umri umewaenda. Na mkishaandika alichosema rudini mumsomee kabla hakijafika kwa supavaiza, akisema hili liondoeni, liondoeni.