Bangili zinakatika kwa uzi, si kwa shanga

Mhariri,

Malalamiko kwamba bangili na vidani vya shanga vinavyotungwa majumbani hapa Kigoma havidumu ni ya kweli, ila lawama inapelekwa kusikohusika. Wanaosemwa ni shanga. Mkosaji ni uzi, na fundo lililofungwa kwa pupa.

Mshipi wa kuvulia unapendwa Ujiji na Mwanga kwa kuwa haukosekani na hauhitaji sindano. Kwa kidani cha punje kubwa unafaa. Tabu yake ni kwamba jua huukausha hadi ukatike ghafla, na fundo lake hulegea lenyewe kwa sababu unateleza. Kuunguza ncha kwa kiberiti, kama ilivyozoeleka, hakusaidii: moto ukigusa fundo, pale panakuwa pagumu na ndipo panapokatika kwanza. Pitisha ncha mara mbili kwenye kitanzi badala ya mara moja, lowanisha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kisha rudisha ncha ndani ya punje tano au sita ndipo ukate.

Lastiki ivutwe mara kadhaa kabla ya kutunga. Isipovutwa itarefukia mkononi mwa mteja, na mapengo yataonekana kati ya punje. Unene wa milimita 0.7 au 0.8 unatosha bangili nyingi. Supaglu iwe mbali nayo, kwani huikakamaza. Tafuta gundi inayobaki laini ikikauka, tone moja juu ya fundo.

Kazi yenye heshima zaidi ni ya kushona kwa sindano, hasa mshono wa kupishanisha punje, ule unaotoka kama ukuta wa tofali. Tumia shanga namba 11. Namba ikipanda, punje inapungua: namba 11 ina upana wa milimita 2 hivi, namba 8 milimita 3. Uzi uwe wa nailoni, si wa pamba, maana pamba huoza kwa jasho. Usizidi mita moja na nusu kwa mkupuo. Ukiwa mrefu unajisokota, na kwa kupita matunduni mara nyingi unaanza kutoka manyoya. Uburuze juu ya nta mara mbili. Nta ya Kibondo au ya Tabora inatosha kabisa, hakuna haja ya kuagiza ya kopo.

Funga punje moja ya kuzuia nyingine zisichoropoke, acha mkia wa sentimita 15, kisha tunga punje 10. Hizo ni mistari miwili ingawa kwa macho ni mmoja, na hapo ndipo wanaoanza wanapopotea. Chukua punje ya 11, ruka ya 10, ingia ya 9. Chukua nyingine, ruka ya 8, ingia ya 7, hivyo hivyo hadi utokee kwenye ya 1. Umeongeza punje 5, na ukingo sasa una meno. Geuza kazi, kuanzia hapo kila punje mpya inakaa kwenye pengo kati ya meno mawili. Mistari ya mwanzo itajipinda na kuudhi. Ibane kwa kidole gumba, usiifumue. Bangili ya sentimita 17 kwa upana huo inakula punje kama 800, yaani gramu 7 au 8.

Sindano ikigoma, usiivute kwa koleo. Punje itapasuka katikati ya kazi na kuibadilisha ni kufumua. Kila tundu litapitiwa na uzi mara mbili au zaidi, kwa hiyo zenye matundu finyu zichambuliwe mapema, pamoja na zile nyembamba au nene kupita wenzake, maana ndizo zinazofanya ukingo uyumbe.

Shanga za kiunoni zina kosa lake: kukazwa mno. Punje zikibanana, kingo za matundu zinasaga uzi kila mvaaji anapoinama. Acha nafasi ya milimita 3 au 4 kwa uzi mzima, si kati ya kila punje. Kiuno cha sentimita 80 kinahitaji punje kama 400 za namba 8.

Pete ndogo ya kushikia kulabu ya kidani hufunguliwa kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukiitanua kushoto na kulia, duara halirudi sawasawa na uzi unachoropoka.

Ombi langu ni kwa wauzaji. Ujiji ya karne ya 19 ilitumia shanga kama fedha, zile zilizoitwa sofi, na sokoni zilihesabiwa. Leo mnunuzi anapewa mfuko uliochanganywa namba 8 na 11, bila maandishi yoyote, akasumbuke nao nyumbani. Tenganisheni, andikeni namba kwenye mfuko. Pia mruhusuni mteja asugue punje chache kwa pamba yenye dawa ya kutoa rangi ya kucha. Rangi ikihamia kwenye pamba, shanga hizo zisiuzwe kwa ajili ya shingo na mikono. Zina kazi kwenye vipochi na mapazia ya mlangoni.

Mtunga shanga,
Ujiji, Kigoma